Reli za treni ndogo zinaota kutu: kusaka chanzo kwenye banda la gari hapa Mwanza

Wiki ya pili ya masika treni yangu ilianza kugoma. Kila mzunguko inafika palepale, kwenye kona ya ukuta wa jikoni, inasimama. Naisukuma kwa kidole, inakwenda. Inazunguka, inarudi, inagoma tena. Nilipoinama na tochi nikaona madoa ya rangi ya chai pembeni ya reli, nikajiridhisha kuwa hiyo ni kutu. Nikaagiza reli mpya kutoka nje, nikasubiri mzigo, nikalipa ushuru, nikashinda Jumamosi nzima nazifunga. Haukupita mwezi treni ikagoma tena, hatua moja tu kutoka pale pa zamani, na safari hii reli zilikuwa safi, hazina doa.

Ndiyo maana hapa naanza na dalili, duka linakuja baadaye. Reli isiyoota kutu ipo na nitaitaja, lakini ukiinunua kabla hujajua kinachokusumbua unaweza kunywa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Nikisema banda la gari, simaanishi gereji ya fundi. Nina maana ya chumba kilichoungana na nyumba: sakafu ya saruji, bati bila dari, mlango wa chuma usiogusa chini vizuri. Meza yangu ni plaiwudi juu ya fremu ya mbao, na treni ni za kipimo cha HO, yaani 1:87, reli zikiachana 16.5 mm. Chukua SGR inayojengwa kati ya Isaka na Mwanza, yenye upana wa 1,435 mm, igawe kwa 87: unapata 16.5 hiyohiyo. Reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, ina upana wa mita moja. Ukiifuata kwa haki ungehitaji njia ndogo ya 12 mm, na vifaa vyake ni adimu. Kwa hiyo mimi ni mtu wa SGR kwa kulazimishwa na maduka.

Jambo lingine la mahali petu. Ushauri mwingi kuhusu kutu umeandikwa na watu wanaokaa karibu na bahari, na bahari ina chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Upepo wa ziwa unaleta unyevu lakini hauleti chumvi, kwa hiyo anayeishi Nyegezi au Kirumba hana vita vya mtu wa Tanga. Sisi maji yanayotuharibia reli mara nyingi yanatoka ndani ya chumba chenyewe: kwenye bati, kwenye sakafu, chini ya gari lililoingizwa likiwa limelowa.

Kabla ya yote, sumaku

Ng'oa sumaku kwenye spika mbovu, au iazime kwa fundi redio. Iguse katikati ya kipande cha reli, mbali na viungio na misumari, kwa sababu hivyo mara nyingi ni vya chuma na vitakudanganya. Ikinata, reli yako ni chuma, hata kama inang'aa kama sarafu mpya. Mng'ao huo ni mpako wa juu. Isiponata, angalia ncha iliyokatwa. Ya njano ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ya kijivu cheupe chenye unjano kwa mbali ni nikeli silva.

Jina hilo la mwisho linadanganya, maana humo hakuna fedha hata chembe. Ni shaba kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 60, ikichanganywa na nikeli na zinki. Kwa kuwa hamna chuma ndani, kutu ya kahawia haiwezi kutoka kwake. Inaweza kufifia na inaweza kushika ukijani, lakini ukiona ukahawia juu yake, umetoka kwa mwingine.

Mimi kipimo hicho nilikifanya baada ya kununua. Sumaku haikuzishika reli zangu za zamani. Zilikuwa nikeli silva tangu mwanzo, na tayari nilikuwa nimeshazigawa kwa watoto wa mtaani.

Madoa ya kahawia

Kama sumaku imenata na ukahawia uko juu ya reli yenyewe, hiyo ni kutu ya kweli. Inaanzia pale mpako ulipotoka: kwenye ncha ulizokata, kwenye mikwaruzo, na hasa ulipopitisha msasa. Watu wengi huchukua msasa kusafisha reli za chuma, zinang'aa siku hiyo, wiki inayofuata zimekuwa nyekundu kuliko mwanzo. Umeuvua mpako kwa mkono wako. Chanzo kingine ni gundi nyeupe ya maji tunayomwaga kushikiza kokoto. Reli ya chuma inalala kwenye maji hayo usiku kucha, na asubuhi kutu imeshaanza kwenye mguu wake usiouona.

Kutu ya juujuu unaweza kuiondoa kwa raba ngumu ya kufutia wino, kisha ukapaka mafuta mepesi ya cherehani kwa kitambaa, kidogo sana, halafu ukayafuta kana kwamba umeghairi. Ukizidisha, magurudumu yatateleza kwenye mlima, na vile vipira vinavyovalishwa magurudumu ya baadhi ya vichwa vitavimba. Hata hivyo nasema wazi kuwa huko ni kuahirisha. Reli ya chuma kwenye banda lenye bati tupu, kwa mvua zetu za vuli na masika, nisingempa hata mtu niliyegombana naye.

Kama sumaku haikunata na ukahawia upo pembeni au kwenye mataruma, tafuta msumari. Misumari midogo ya kufungia reli mara nyingi ni chuma kitupu. Inaota kutu, kutu inapanda na maji ya gundi, inapaka reli isiyo na hatia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Ing'oe, weka ya brasi, au usiweke kabisa: gundi peke yake inatosha kuishika reli kwenye plaiwudi, na siku ukitaka kuing'oa utashukuru.

Ukijani au ubuluu kwenye viungio

Hapa ndipo ilipokuwa siri ya kona yangu, kwa hiyo nivumilieni nikikaa kidogo.

Ukijani ni shaba inayoliwa, na unaweza kuupata kwenye brasi na kwenye nikeli silva pia. Maji peke yake hayafanyi hivyo kwa kasi. Ukiuona umetokea ndani ya miezi michache, kuna kemikali humo chumbani. Mara nyingi huwa moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni flaksi, ile dawa inayopakwa wakati wa kulehemu ili risasi ishike. Fundi anayelehemu mabomba au redieta hutumia flaksi ya asidi, inayoshika haraka na inayoendelea kula waya baada ya yeye kwenda nyumbani. Kwenye reli tumia risasi ya kulehemu yenye utomvu ndani, ile ya mafundi redio. Kama tayari umetumia ya asidi, osha kiungio kwa maji na mswaki, kausha, kisha pitisha spiriti. Ukijani wa flaksi unakaa pale pale palipolehemiwa, hausambai.

Ya pili ni betri. Umeme wetu umewafundisha wengi kuweka betri kubwa za asidi kwenye banda, za gari au za sola, zikichajiwa humohumo. Zinapochajiwa hutoa ukungu mwembamba wa asidi, nao hutua juu ya kila kitu. Utaona chuma kimeota kutu upande ule wa chumba na shaba imekuwa kijani upande uleule. Lakini kuna kubwa zaidi ya reli: betri hizo hutoa pia hidrojeni, na magurudumu ya treni hutoa cheche kila sekunde. Hamisha kimoja. Mimi ningehamisha betri.

Ya tatu sikuwahi kuisoma popote nilipokuwa natafuta majibu. Mama watoto alikuwa amelea vifaranga hamsini kwenye kona hiyohiyo, chini ya meza yangu, kwenye boksi na taa. Kinyesi cha kuku hutoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi, na amonia na shaba ni maadui wa zamani. Jeshi la Uingereza kule India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua. Maganda yake ya brasi yakapasuka yenyewe bila kupigwa, kwa sababu amonia ya mikojo iliingia kwenye brasi iliyokuwa na mkazo ndani yake. Kiungio cha reli ni kibati kilichokunjwa na kubanwa, yaani kina mkazo tangu kiwandani. Nilipovitoa vya kwangu viwili vilivunjika mkononi kama kaukau.

Na sasa utaelewa kwa nini reli mpya hazikuniponya. Kwa ubahili wa shilingi elfu chache nilizifunga kwa viungio vya zamani.

Nilipomweleza mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Neema, kuku wanataga. Treni inataga?" Kuku walihama, ila mazungumzo yalichukua siku tatu.

Weusi

Ukipitisha kidole kikatoka cheusi, hiyo si kutu, na reli mpya itakuwa nyeusi vilevile. Weusi huo ni mchanganyiko wa mafuta, vumbi, plastiki iliyolika kwenye magurudumu, na unga unaotokana na cheche ndogondogo kati ya gurudumu na reli. Kwetu kuna viungo vya ziada. Ukuta wa jikoni ukiwa jirani, moshi wa mkaa na mvuke wa kukaanga samaki hupenya na kuacha utando unaonata. Vumbi la barabara ya udongo hushika juu ya utando huo. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaotanda juu ya maji kama moshi wa mbali. Usiku hufuata taa, na taa pekee iliyowaka bandani ni ya juu ya meza yako. Wanaanguka kwenye reli kwa mamia, treni inawasaga. Ukiwasha asubuhi bila kufagia, umetengeneza uji.

Safisha kwa spiriti ya duka la dawa kwenye kipande cha fulana kuukuu, umeme ukiwa umezimwa, na uache ikauke kabisa. Thina usiiguse, inayeyusha mataruma. Stilwaya ya kusugulia sufuria ni mbaya kuliko zote: nyuzi zake hukatika, sumaku ya mota inazivuta, na kichwa cha treni kinakufa kwa shoti. Msasa huacha mifereji inayobeba uchafu kwa haraka zaidi. Ukishasafisha, pitisha penseli laini, ya 4B, kwenye ukingo wa ndani wa reli. Unga wake hupunguza cheche. Mimi nafanya kwenye kona na pointi tu (pointi ni pale njia inapogawanyika), kwa sababu kwenye mlima unatelezesha.

Usisahau magurudumu. Reli safi chini ya magurudumu machafu inadumu nusu saa.

Reli zinang'aa, treni bado inadorora

Hapo achana na macho, pima. Chukua balbu ndogo ya gari ya 12 V yenye 5 W, zile za taa ya namba. Inavuta karibu 0.4 A, kiasi ambacho kidhibiti cha seti ndogo, kile kiboksi cha kuongeza na kupunguza mwendo, hukimudu. Iunganishe kwenye reli sehemu ya mbali zaidi, fungua umeme wote, kisha pima kwa maltimita volti zinazotoka kwenye kidhibiti na volti zilizofika kwenye balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Bila balbu usipime: mita peke yake haivuti umeme, itakuonyesha volti 12 hata kwenye kiungio kilichooza, nawe utaondoka ukiamini kila kitu ni kizima.

Balbu ikiwa bado inawaka, weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungio, nyingine upande wa pili, kwenye reli ileile. Kiungio kizima hupoteza sehemu chache tu za mia za volti moja. Kinachopoteza sehemu ya kumi ya volti au zaidi ndicho mgonjwa. Kazi ya dakika kumi, na ingeniokolea ushuru wa forodha.

Hapa pana jambo ambalo wauza reli hawalisemi kwa sauti. Nikeli silva inapitisha umeme vibaya kuliko brasi, kwa tofauti ya karibu mara nne, na hata chuma cha kawaida kinaishinda. Sifa yake ni kwamba uso wake haufifii upesi, lakini kusafirisha umeme umbali mrefu si kazi yake. Kwa hiyo ukihama kutoka brasi kwenda nikeli silva bila kuongeza nyaya, treni inaweza kudorora zaidi kuliko zamani na ukadhani umeuziwa feki. Pitisha waya mnene wa shaba chini ya meza, ule wa 2.5 mm² wa soketi za nyumba unafaa kabisa, na kila mita moja au pungufu panda na kiwaya chembamba mpaka kwenye reli. Viungio vibaki na kazi ya kunyoosha njia tu.

Kuna dalili moja ya kuchekesha baada ya kubadili: treni iliyokuwa inapanda mlima sasa inateleza. Baadhi ya vichwa vya zamani vya Tri-ang Hornby viliwekwa sumaku chini ili vijishike kwenye reli za chuma. Ukiviweka juu ya nikeli silva, sumaku haina cha kushika. Ongeza uzito ndani ya kichwa au punguza mlima.

Maji yanatoka wapi

Bandika kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, kwenye sakafu. Ziba kingo zote kwa selotepu na ukiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone chini ya nailoni, saruji inapitisha unyevu wa ardhini. Ukikuta unyevu juu yake, ni hewa inayotoa umande. Vikiwa viwili, pole.

Bati lisilo na dari hutoa jasho alfajiri, hasa baada ya zile mvua za ziwani zinazopiga usiku wa manane. Kama huna fedha ya dari, tandaza turubai juu ya meza kwa mteremko, lisigusane na treni, pembeni pakiwa wazi hewa ipite. Ukiifunika meza kwa nailoni na kuibana kila upande umejenga chungu cha kupikia kutu. Na gari lililotoka mvuani liache nje mpaka likauke, angalau kipindi cha masika.

Mbao nazo hunywa maji na kuvimba. Reli zikiachia kwenye viungio au kujipinda, wengi hulaumu joto, lakini nikeli silva ya mita 5 ikipandishwa nyuzi 15 za joto hurefuka milimita moja na kidogo tu. Ubao ndio unaotembea zaidi. Paka rangi ya mafuta plaiwudi pande zote, chini na kingo pia, kabla ya kulaza reli.

Sasa dukani

Kwa banda la Mwanza, nunua nikeli silva na usijadili sana. Reli za Peco ni nikeli silva, na za Kato Unitrack pia. Kwa Bachmann za E-Z Track angalia rangi ya kitako cha plastiki: cheusi ni chuma, cha kijivu ni nikeli silva, na ndiyo maana seti za bei nafuu huja na cheusi. Seti za mitumba za Tri-ang na Hornby za miaka ya zamani nyingi ni chuma, nenda nazo na sumaku mfukoni. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Namba iliyoandikwa Code ni kimo cha reli, kutoka chini hadi juu, kwa sehemu za elfu za inchi. Code 100 ni 2.54 mm, Code 83 ni 2.1 mm, Code 75 ni 1.9 mm. Zote zinaweza kuwa za nikeli silva, kwa hiyo namba haikwambii lolote kuhusu kutu. Anayeanza achukue 100: ni ngumu na inapokea magurudumu ya zamani yenye ukingo mrefu.

Brasi si mbaya kwa mtu mwenye nafasi ya kuisafisha, ila itafifia mara kwa mara. Alumini utando wake hauruhusu umeme na hailehemiki kirahisi, iache. Chuma cha pua kinastahimili kila kitu, lakini kulehemu kwake kunataka flaksi kali, ileile tuliyoikimbia.

Nunua viungio vipya pamoja na reli, vya nikeli silva. Kwenye pointi kagua springi iliyo chini, kwa kuwa hiyo ni chuma hata reli zikiwa nikeli; tone moja la mafuta mepesi kila mwanzo wa mvua. Na mchanga wa ufukweni unaotaka kuutumia badala ya kokoto za dukani, uoshe, ukaushe, kisha pitisha sumaku juu yake ikiwa ndani ya kimfuko cha nailoni. Chembe nyeusi zitakazoruka juu ndizo ambazo zingeingia kwenye mota.

Nilikuwa na boksi moja la vitako vyeusi nililopata kwenye mitumba, kutu tupu. Nilizing'oa reli zake, nikazikata vipande vya sentimita mbili, nikazipakia kwenye behewa la wazi kama mzigo wa chuma chakavu. Zinazunguka mezani kila jioni, na rangi yake hakuna brashi inayoweza kuiiga.